Mwanamke Njiani Peke Yake

Liko swali moja ambalo huulizwa upesi sana nyumbani mwetu, na kwa sababu huulizwa upesi halijapata kufikiriwa vema. Binti akipatwa na maovu njiani, machozi yake hayajakauka, watu huuliza: “Kwa nini alikwenda peke yake?” Baba huuliza, mama huuliza, majirani huuliza, na mara nyingine hata wale waliowekwa kusikiliza mashauri huanza na swali hilo hilo. Leo, wasomaji wapenzi, twataka kulichukua swali hilo polepole, tuligeuze huku na huku, tuone kama kweli ndilo lipasalo kuulizwa kwanza.

Kilichotupa nafasi ya kulifikiri ni kitabu cha safari. Katika magharibi ya Marekani iko njia ya miguu iitwayo Pacific Crest Trail. Huanzia mpaka wa Meksiko ikafika mpaka wa Kanada, ikifuata migongo ya milima, na urefu wake ni kilometa 4,265 hivi. Mwaka 1995 Bibi Cheryl Strayed, akiwa na umri wa miaka 26, alitembea sehemu ya njia hiyo yapata kilometa 1,770, tangu jangwa la Mojave katika California hata daraja liitwalo Bridge of the Gods juu ya mto Columbia. Mama yake alikuwa amefariki mwaka 1991 kwa saratani. Ndoa yake ilikuwa imevunjika. Naye mwenyewe alikuwa amejiingiza katika madawa ya kulevya. Hakuwa na mazoea ya safari za namna hiyo. Mzigo wake ulikuwa mzito hata ilimbidi kupigana nao ili ausimamishe mgongoni. Kiatu chake kimoja kilitumbukia gengeni, naye kwa hasira akakitupa na cha pili. Habari za safari hiyo alizitoa mwaka 2012 katika kitabu kiitwacho Wild, nacho mwaka 2014 kikatengenezewa filamu.

Si kitabu cha mtakatifu, wala mwandishi hajidai utakatifu. Amekiri makosa yake waziwazi, na wazazi wajue ya kwamba mengine yaliyomo hayafai kusomwa na watoto. Walakini ni kitabu cha mtu aliyejitazama bila kujificha, nacho chatutaka nasi tujitazame.

Msomaji wa Ufipa akisikia habari hii yamkini atatabasamu. Je, kutembea nako ni jambo la kuandikiwa kitabu? Kwa wasomaji walio mbali nasi yafaa tueleze kwamba Ufipa ni uwanda ulioinuka, katika pembe ya kusini-magharibi ya Tanzania. Mji wa Sumbawanga wenyewe uko yapata meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki nchi hukatika ghafla kwenye ukuta wa Lyamba lya Mfipa, ikashuka karibu meta elfu moja hata bonde la Ziwa Rukwa. Katika ukuta huo mna njia nyembamba zilizokanyagwa na akina mama kizazi baada ya kizazi: wakishuka na maharage na ulezi, wakipanda na samaki, mtoto mgongoni na kikapu kichwani. Hata leo, ingawa magari hushuka toka Ntendo hata Muze, na barabara ya lami imefika Sumbawanga toka Tunduma, vijiji vilivyo mbali na barabara hutegemea miguu. Hakuna aliyewaomba akina mama hao waandike kitabu, wala aliyewauliza walifikiri nini njiani.

Tabasamu hilo lina ukweli ndani yake, lakini lina upungufu pia. Mama ashukaye bondeni huenda kwa ajili ya watu wa nyumbani, na kwa hiyo safari yake ina ruhusa; mzigo ulio kichwani ndio hati yake ya kupita. Mwanamke akienda kuteka maji hatushangai. Akienda sokoni hatushangai, akienda kuhani msiba hatushangai. Lakini akisema, “Naenda kutembea peke yangu nipate kufikiri,” twaona ni wazimu, au ni hila, au pana mwanamume amngojeaye. Bibi Strayed naye alikuwa na mzigo, walakini safari ilikuwa yake mwenyewe. Hapo ndipo wengi wetu hukwama.

Hebu tufungue Injili. Luka atuambia ya kwamba Bikira Maria, akiisha kupokea ujumbe wa malaika, aliondoka kwa haraka akaenda nchi ya milimani kumtembelea Elizabeti. Mwinjili hamtaji mtu aliyemsindikiza. Na Yohane, katika sura ya ishirini, amwonyesha Maria Magdalena akienda kaburini alfajiri, kungali giza bado. Mtu mwenye busara za kibinadamu angalimkataza: mji umechafuka, askari wako nje, wewe ni mwanamke, ngoja kupambazuke. Kama angalingoja, ni nani angaliwapelekea mitume habari ile iliyo shina la imani yetu? Haitupasi basi kusema kwamba mwanamke aendaye peke yake ameacha heshima yake nyumbani. Yako mambo ambayo mwanadamu, mume kwa mke, huyasikia akiwa peke yake tu. Wanaume wa kwetu wamelijua jambo hilo siku zote: mwindaji hukaa porini, mchungaji hukaa malishoni, mzee hukaa chini ya mti na hakuna amwulizaye anafikiri nini. Mama wa nyumbani, ambaye tangu jogoo la kwanza hata usiku ni wa kila mtu, yeye tu ndiye tunayemnyima saa moja ya kuwa wa nafsi yake mbele ya Mungu.

Basi tumekubali ya kwamba upweke wa namna hiyo waweza kuwa chema. Sasa tuchunguze maneno yenyewe: “peke yake.” Maana yake nini?

Tumtazame tena yule msafiri wa Marekani. Siku nyingi hakuona uso wa mtu. Lakini njia aliyoikanyaga haikujichimba. Bunge la Marekani liliitambua kwa sheria mwaka 1968, ikatangazwa kuwa imekamilika mwaka 1993, na hata leo watu wa kujitolea huenda na shoka na majembe kuondoa miti iliyoanguka na mawe yaliyoporomoka. Chakula chake kilitangulia mbele yake katika masanduku yaliyopelekwa kwa posta na rafiki. Katika kila kituo aliposikia njaa, palikuwa na mtu aliyekuwa amekwisha kumfikiria. Wasafiri wengine walimfundisha kupunguza mzigo. Wenyeji walimpa lifti na kitanda. Alikwenda peke yake, ni kweli. Lakini upweke wake ulijengwa na mikono mingi, kama vile nyumba ya mtawa hujengwa na waashi.

Naye alipata kuogopa. Palikuwa na nyoka, theluji, dubu na kiu. Lakini mojawapo ya hofu zake kubwa haikutoka kwa mnyama. Katika msitu wa Oregon alikutana na wanaume wawili wenye pinde za kuwindia, na mmoja akamrudia jioni na maneno ya uchafu na vitisho. Msichana yule, aliyekuwa amevuka jangwa, alifunga mzigo wake akakimbia gizani. Tulitie moyoni jambo hili. Milima haikumwonea kwa kuwa ni mwanamke, wala theluji haikujua kama ni mwanamke au mwanamume. Hatari ile iliyokuwa yake yeye kama mwanamke ilitoka kwa mtu kama sisi.

Turudi sasa Afrika yetu, miaka mia moja na zaidi kabla ya hapo. Mwaka 1891 Bibi May French Sheldon, Mmarekani aliyekuwa akikaa Uingereza, alifika Mombasa akafanya msafara wa kwenda Kilimanjaro bila mumewe. Alichukua machela iliyofumwa mfano wa kikapu, gauni la fahari, na nywele za bandia za rangi ya dhahabu za kuvaa mbele ya watawala wa njiani. Juu ya fimbo yake ndefu alitundika bendera yenye maneno ya Kilatini: Noli me tangere, yaani “Usinishike.” Ni maneno yale yale ambayo Bwana wetu, kama Injili ya Kilatini isemavyo, alimwambia Magdalena bustanini. Wenzake wa msafara walimwita “Bibi Bwana,” naye akalipenda jina hilo hata akalitia katika kitabu chake, Sultan to Sultan, kilichotoka mwaka 1892. Ulaya na Marekani walimsifu kwa kuwa mwanamke aliyesafiri peke yake.

Peke yake! Na wapagazi je? Walikuwa zaidi ya mia moja. Walibeba hema zake, vyakula vyake, zawadi zake, na mara nyingi walimbeba na yeye mwenyewe. Katika marejeo machela ilianguka mtoni, mgongo wake ukaumia vibaya, na waliomfikisha pwani ni watu hao hao. Hatuukani ushujaa wake, kwani ulikuwapo. Lakini lile neno “peke yake” liliwezekana kwa sababu watu zaidi ya mia walihesabiwa kuwa miguu na mabega, hawakuhesabiwa kuwa wenzi. Msomaji asidhani kwamba kosa hilo ni la wageni tu. Kila mmoja wetu asemaye, “Nimejitegemea, sikusaidiwa na mtu,” na ajaribu kuwahesabu wapagazi wake: mama aliyekesha, dada aliyeacha shule ili yeye asome, mjomba aliyeuza ng'ombe.

Sasa sikilizeni habari ya tatu, ambayo ni chungu. Mwaka 1865, katika Unguja, msichana mdogo wa Kiyao jina lake Swema alipatikana amefukiwa shimoni akiwa hai bado, kwa kuwa mfanyabiashara wa watumwa alimwona amekuwa maiti na hasara. Kijana mmoja alisikia kilio chake, akamfukua, akampeleka kwa masista wa misioni. Habari za maisha yake zilipokewa na Padre Anton Horner, zikatolewa kuwa kitabu huko Ufaransa mwaka 1870. Mwanahistoria Edward Alpers, aliyezichunguza katika makala ya mwaka 1983, ametukumbusha ya kwamba sauti ya mtoto imepita katika kalamu ya mapadre kabla ya kutufikia. Tuzisome basi kwa uangalifu. Hata hivyo kiini chake chajulikana. Mama yake Swema, mjane, alikopa nafaka kwa jirani wakati wa njaa. Alipokosa kulipa, mtoto alichukuliwa kuwa malipo, akauzwa kwa msafara. Mama akaomba naye achukuliwe, akajitolea kubeba pembe za ndovu, mradi asitengwe na mwanawe. Nguvu zilipomwishia, alinyimwa chakula, akaachwa njiani afe. Mtoto akaburutwa mbele hata Kilwa, na toka Kilwa kwa jahazi hata Unguja.

Linganisheni, wasomaji, wanawake hao watatu. Wa kwanza hakuwa na mtu kando yake, walakini watu wengi walimtunza asiowaona. Wa pili alizungukwa na mia, akasema yuko peke yake. Wa tatu alitembea katikati ya msafara mzima, mbele yake watu na nyuma yake watu, na katika nchi hizi hapakuwa na kiumbe mpweke kuliko yeye. Twaona basi ya kwamba upweke haupimwi kwa hesabu ya watu walio karibu. Mtu yuko peke yake pale tu ambapo hakuna amwonaye kuwa jirani.

Na wala tusidhani kwamba hayo yalitendeka pwani tu. Bibi Marcia Wright, mwanahistoria, katika kitabu chake cha mwaka 1993 alikusanya simulizi za maisha za wanawake wa nchi zilizo jirani nasi, katika pande za Ziwa Nyasa na Tanganyika: Narwimba, Chisi, Meli, na Bwanikwa, ambaye aliuzwa mara kumi. Simulizi hizo ndizo vitabu vya safari vya bibi zetu. Kila mmoja alitembezwa, au alitoroka, au alitafuta kwa miguu mahali pa kukaa. Ukizisoma utaona jambo moja likirudi kila mara: katika nyakati zile za vita na biashara ya watu, mwanamke asiye na baba, mume au mtawala wa kumdai alikuwa kama kitu kilichookotwa. Swali la kwanza aliloulizwa njiani lilikuwa, “U wa nani wewe?” Na jibu likiwa “Si wa mtu,” basi alikuwa wa yeyote mwenye nguvu.

Je, swali letu la leo, “Kwa nini alikwenda peke yake?”, si mjukuu wa swali lile? Ndani yake mna wazo kwamba mwanamke hulindwa na mwenyewe wake, na ikiwa mwenyewe hayupo, basi njia imepata haki juu yake. Twalikataa wazo hilo. Mwanadamu hakupewa heshima yake na mtu amsindikizaye.

Watu wa Ufipa wanayo hadithi ya asili ambayo yatufaa hapa. Husimuliwa kwamba hapo kale nchi ilikuwa ya Ntatakwa, aliyekaa Milansi, kijiji ambacho jina lake hufasiriwa kuwa kijiji cha milele. Siku moja, mwenyewe akiwa hayupo, walifika wanawake watatu wageni waliotembea toka mbali. Mke wa Ntatakwa aliwapokea, akawapa kiti cha mtawala wakae. Ntatakwa aliporudi alikuta kiti chake kimekaliwa. Tangu hapo, husemwa, utawala wa nchi ukapita kwa ukoo wa wageni wale, ambao baadaye ulitoa falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Na Ntatakwa na uzao wake wakabaki na Milansi na heshima yao ya kale. Mtaalamu Roy Willis aliyeishi Ufipa katika miaka ya 1960 aliiandika hadithi hiyo kwa urefu.

Mtu aweza kuisoma hadithi hii kuwa onyo: mpokee mwanamke mgeni, upoteze kiti. Lakini tuitazame vema. Hakuna damu ndani yake. Mwenyeji na mgeni walipatana, kila mmoja akapata sehemu yake. Na tena, wazee walioisimulia hawakuona ajabu kwamba wanawake watatu, hawana mume wala mlinzi, waliweza kuvuka nchi na kufika salama. Ajabu yao ilikuwa kiti. Njia haikuwa ajabu. Huyo Willis, katika maandishi yake ya mwaka 1989, aliisema amani ya Ufipa ya zamani kuwa ni fumbo lenye kustahili kuchunguzwa. Sifa hiyo, ndugu zangu, ni deni. Wahenga walinena, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Mwenyeji atapona namna gani ikiwa mgeni hupata madhara mlangoni pake?

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Bwana wetu aliposimulia habari ya mtu aliyeshuka toka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi, alisema habari za njia iliyojulikana kwa hatari yake. Yule mtu alikwenda peke yake. Wasikilizaji wangaliweza kumwuliza Yesu, “Mbona hakungoja wenzake? Mbona alishuka na mali?” Katika mfano wote hakuna hata neno moja la kumlaumu msafiri. Swali la mwisho lawahusu waliopita njia ile ile: nani kati yao alikuwa jirani yake? Kuhani na Mlawi pengine walikuwa wamejiuliza moyoni, kwa nini alikwenda peke yake. Na wakiisha kujiuliza, waliona wamepata ruhusa ya kupita kando.

Msomaji mwenye mabinti atasema, “Padre, maneno yako ni mazuri, lakini mimi nitamwacha binti yangu ashuke Lyamba lya Mfipa peke yake kwa ajili ya mfano wa Injili?” La, hatusemi hivyo. Busara ni fadhila, nayo ni ya kwanza katika zile fadhila nne kuu. Mzazi amwambiaye mtoto, “Njia ile ina hatari, ngoja wenzako,” atenda kwa upendo. Hata yule msafiri wa Marekani alifundishwa na waliomtangulia, akatii. Lakini yatupasa kupambanua mambo mawili yaliyo kama mapacha wasiofanana moyo. Onyo kabla ya safari ni upendo. Lawama baada ya maafa ni namna ya kujinasua: twamtupia aliyeumizwa mzigo wa aliyeumiza, ili tusilazimike kumtafuta aliyeumiza, maana huenda tukamkuta mezani petu. Tena onyo lenyewe lina mpaka. Ikiwa dawa yetu ya kila hatari ni kumfungia mwanamke ndani, tumemwadhibu asiye na kosa na kumwachia mwenye kosa barabara yote.

Lisiwe neno la mbali. Tangu mwaka 2004 serikali ilipoanza mpango wa kueneza shule za sekondari katika kata, shule zimesogea karibu kuliko zamani, nasi twashukuru. Hata hivyo katika nchi pana kama Rukwa wako wasichana waondokao kabla ya jua kuchomoza na kurudi jua likizama, na wako wengine waliopangishiwa vyumba karibu na shule, mbali na macho ya wazazi. Hao ndio wasafiri wetu wa peke yao. Njia yao haiandikwi vitabuni, lakini kila siku huwa salama au huwa mbaya kwa matendo ya watu walio kando yake: mwendesha bodaboda ampaye lifti akitaka malipo mengine, mwenye nyumba apangishaye chumba na kuweka ufunguo wa pili mfukoni, mwanamume aketiye kilabuni akimtupia maneno binti apitaye, na wenzake wacheke, mwalimu, mfanyabiashara, na, tuseme bila kuficha, hata mtu wa kanisa.

Sheria ipo. Bunge lilipitisha sheria kali ya makosa ya kujamiiana mwaka 1998. Lakini sheria haitembei yenyewe kwenye vichochoro vya mahindi. Huhitaji shahidi asiyeogopa, mzazi asiyenunulika, na mzee wa baraza asiyesema, “Tuyamalize kifamilia.” Twajua jinsi yanavyomalizwa. Wakubwa hukutana jioni, hutajwa ng'ombe au fedha, mikono hupeanwa, na binti aliye katika chumba cha pili asikia bei yake. Mama yake Swema alikopa nafaka, mtoto akawa malipo; hapa mtoto ameumizwa, na malipo yamekwenda kwa wengine. Tofauti ni nini? Hayo si mapatano ya Milansi, ambapo kila upande ulipata sehemu yake. Kumaliza namna hiyo ni dhambi, hata ikiwa imefanywa na watu wenye mvi na rozari shingoni, na hata ikiwa imefungwa kwa sala.

Kwa hiyo twapendekeza katika kila familia mambo machache yasiyo na gharama. Baba awaambie wana wake wa kiume, kwa maneno na mbele ya dada zao, ya kwamba msichana akutwaye njiani peke yake ni amana waliyopewa. Mama ajue jina la mwenye nyumba alalako binti yake, aende amwone uso kwa uso. Jumuiya zetu ndogondogo, ambazo hukutana kila juma, zijue ni watoto gani wapitao njia zipi, na nani akaaye kandokando ya njia hizo awezaye kuwa jicho na sikio. Na binti akirudi na neno zito kifuani, sentensi ya kwanza aisikiayo iwe, “Pole mwanangu, umefanya vema kutuambia.” Maswali mengine yatafuata kwa wakati wake, nayo yaelekezwe kwa mwenye kosa.

Siku moja, Mungu akipenda, mwanamke wa Ufipa ataandika kitabu cha safari yake mwenyewe: jinsi alivyotoka Sumbawanga akapita chini ya milima ya Mbizi, akashuka ukutani hata Rukwa, bila mzigo wa sokoni kichwani, kwa kuwa alitaka kufikiri maisha yake na kusali. Ataandika, “Nalikwenda peke yangu.” Nasi tuliokaa kando ya njia hiyo tukikisoma tutakuwa na haki ya kutabasamu, tukijua ni watu wangapi waliofanya kazi ili sentensi ile fupi iwe kweli. Hata siku hiyo ifike, kila tusikiapo habari ya mwanamke aliyeumizwa njiani, tuache kuuliza kwa nini alikuwa peke yake. Tuulize, sisi tuliokuwa karibu tulikuwa wapi.